Kuuza hisa kwa watu wetu Marekani bila kuvunja sheria: hatua za Kanuni ya 506(b)

Swali hili hunifikia kila wiki, mara nyingine kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne: "Tuna kampuni hapa Marekani, tunataka ndugu na marafiki wanunue hisa, tuanzie wapi?" Aghalabu anayeuliza ameshaanza. Ameandika kwenye grupu la WhatsApp, watu wametuma pesa, na sasa benki au mhasibu amemuuliza jambo akashtuka. Kazi yangu ni kuandaa hati za aina hii, na ningependa sana unisome kabla hujafika hapo.

Mwongozo huu ni wa kampuni ndogo iliyosajiliwa Marekani inayotafuta mtaji kwa watu inaowafahamu: nyumba ya kulea wazee Minnesota, malori matatu Texas, duka la vyakula vya nyumbani Ohio. Wakili bado utamhitaji. Ila ukimwendea na mambo haya yakiwa tayari, saa utakazomlipa zitapungua sana.

Kwanza, je, unachouza ni dhamana (kwa Kiingereza securities, yaani hati ya uwekezaji)?

Karibu kila mara, ndiyo. Sheria ya Dhamana ya mwaka 1933 inasema huwezi kuuza dhamana, wala kumwalika mtu anunue, mpaka uwe umeisajili kwa SEC, tume ya shirikisho inayosimamia dhamana, au uwe ndani ya mojawapo ya misamaha ya usajili. Usajili kamili ni ghali mno kwa kampuni ndogo, kwa hiyo wote tunaishi ndani ya misamaha.

Na dhamana si cheti cha hisa peke yake. Mwaka 1946, katika kesi ya Howey, Mahakama Kuu ya Marekani iliiangalia kampuni ya Florida iliyokuwa ikiuza vipande vya shamba la michungwa pamoja na mkataba wa kuitunza na kuyauza machungwa. Wanunuzi wengi walikuwa wageni wa hoteli, watu wasiojua kilimo na wasiokusudia kushika jembe. Mahakama ikasema ile haikuwa biashara ya ardhi: wametoa pesa zao kwenye mradi wa pamoja wakingoja faida itokane na kazi ya mwingine. Basi "sehemu" ya lori lako, uanachama wa LLC ambao mwenye nao hana kazi yoyote, mkopo unaogeuka hisa, karatasi ya SAFE (mkataba wa kupata hisa baadaye), vyote vimo. Kuita "mchango" au "ada ya uanachama" hakubadilishi kitu.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Kampuni iliyokwisha kusajiliwa jimboni, yenye namba ya kodi na katiba au mkataba wa uendeshaji unaosema wazi nani ana mamlaka ya kutoa hisa.
- Akaunti ya benki ya kampuni. Zelle na Cash App ya jina lako binafsi usiziguse kabisa kwa kazi hii.
- Daftari la wanahisa: nani anamiliki nini leo, kabla ya mtu mpya kuingia.
- Hesabu za kampuni, hata kama ni za miezi sita tu.
- Orodha ya majina ya watu unaokusudia kuzungumza nao. Hii ndiyo muhimu kuliko zote, na utaona sababu.

Hatua ya 1: Chagua njia kabla ya kufungua mdomo

Misamaha ni mingi, lakini kwa watu wetu mitatu ndiyo inayofaa kufikiriwa.

506(b) haina kikomo cha pesa. Unaweza kuwauzia wawekezaji wenye sifa (accredited investors, wenye mali au kipato cha kiwango nitakachokitaja Hatua ya 3) idadi yoyote, na wasio na sifa wasiozidi 35 katika siku 90. Sharti lake kubwa ni kwamba hairuhusiwi kunadi hadharani.

506(c), iliyoanza Septemba 2013, inakuruhusu kunadi utakavyo: redioni, Facebook, kwenye harusi. Lakini kila mnunuzi lazima awe mwenye sifa, nawe lazima uchukue hatua za kweli za kuthibitisha, si kuchukua neno lake tu.

Ya tatu ni uchangishaji mtandaoni chini ya Kanuni ya CF. Kikomo chake ni dola milioni 5 ndani ya miezi 12, na lazima upitie jukwaa lililosajiliwa kwa SEC au wakala mwenye leseni. Ikiwa watu wako wengi ni wa dola 500 na 1,000, acha kusoma mwongozo huu, nenda huko. Nawaambia watu hivyo kila siku na wengi hawataki kusikia, kwa kuwa jukwaa linachukua asilimia yake. Ni bora likachukua.

Mwongozo huu unaendelea na 506(b).

Hatua ya 2: Nyamaza kwenye grupu

Hapa ndipo kazi nzima inapoharibikia, kwa hiyo tukae kidogo. Angalia ujumbe wa namna ninayoiona mara kwa mara:

"Ndugu zangu habari za asubuhi. Ile nyumba ya wazee sasa iko tayari. Hisa moja dola 5,000, faida asilimia 12 kila mwaka, nafasi ni 40 tu. Mwenye nia anitafute inboksi. Mungu awabariki."

Grupu lina watu 214. Mwandishi anawajua labda 60. Wengine waliingizwa kwa sababu ya msiba wa mwaka juzi wakasahau kutoka. Kwa ujumbe huo mmoja amenadi hadharani, na 506(b) imemponyoka kabla hajauza hata hisa moja. "Faida asilimia 12" ni ahadi ambayo nyumba isiyo na mgonjwa hata mmoja haiwezi kuibeba, na ahadi ya namna hiyo inaangukia kwenye sheria ya udanganyifu, ambayo hakuna msamaha unaokutoa ndani yake. "Nafasi ni 40 tu" inamharakisha mtu ambaye bado hajapewa karatasi yoyote ya kusoma.

Kisheria unachotakiwa kuwa nacho ni uhusiano wa kweli uliokuwapo kabla ya ofa. Maana yake unamjua mtu huyo kiasi cha kuelewa hali yake ya kifedha na kama anafahamu mambo ya uwekezaji. Shemeji yako, ndiyo. Mwenzako wa kazini wa miaka sita mnayezungumza mambo ya pesa, ndiyo. Mtu mnayesali naye kanisa moja au msikiti mmoja bila kujuana zaidi ya salamu, hapana. Tangazo baada ya ibada ni kunadi, hata akilisoma mchungaji mwenyewe.

Chukua ile orodha yako. Mbele ya kila jina andika mmejuana tangu lini na kwa njia gani. Ukikosa cha kuandika, jina hilo litoke. Kisha zungumza na waliobaki mmoja mmoja, kwa simu au ana kwa ana, na utunze rekodi ya tarehe.

Hatua ya 3: Wagawe wawekezaji wako

Jina la kisheria huwafanya watu wadhani kuna ofisi inayomwidhinisha mwekezaji mwenye sifa na kumpa cheti. Hakuna. Ni vigezo tu, na kwa mtu binafsi vinavyotumika zaidi ni hivi: mali halisi inayozidi dola milioni 1, peke yake au pamoja na mwenzi wake, bila kuhesabu nyumba anayoishi, au kipato kinachozidi dola 200,000 katika kila mwaka wa miaka miwili iliyopita, au 300,000 pamoja na mwenzi, akitarajia kufikia hapo mwaka huu pia. Wakurugenzi na maofisa wakuu wa kampuni yako wana sifa kwa nafasi zao. Tangu mwaka 2020 wameongezwa pia wenye leseni za kazi ya dhamana za Series 7, 65 au 82 zikiwa hai.

Usiwadharau watu wako. Muuguzi wa dola 165,000 aliyeolewa na dereva wa lori wa dola 150,000 wamevuka 300,000. Lakini iwe miaka yote miwili. Mwaka mmoja wa ovataimu nyingi hautoshi. Na kiwanja cha Kigamboni au nyumba ya kupangisha Kisumu inaingia kwenye hesabu ya mali, maana si nyumba anayoishi. Wengi huisahau.

Kila mmoja ajaze fomu ya maswali na aisaini. Chini ya 506(b) huhitaji kukusanya taarifa zake za kodi, ila uwe na sababu ya busara ya kumwamini. Kama unajua fika kwamba binamu yako anafanya kazi ya dola 19 kwa saa na amepiga tiki kwenye dola milioni 1, fomu hiyo haikukingi.

Asiye na sifa anaruhusiwa ikiwa ana ujuzi wa kupima hatari ya uwekezaji huu, yeye mwenyewe au kwa msaada wa mwakilishi anayejua. Tena akiingia hata mmoja tu, unawajibika kumpa taarifa kamili ambazo sheria imezitaja, zikiwemo hesabu za fedha, muda wa kutosha kabla ya kununua. Ndiyo maana mawakili wengi watakuambia usichukue hata mmoja. Mimi sisemi hivyo moja kwa moja. Nasema, hesabu gharama ya hizo karatasi kwanza, halafu uamue kama wawili watatu hao wanaongeza mtaji unaolingana nayo.

Hatua ya 4: Chunguza walio ndani

Tangu 2013, kampuni inapoteza msamaha wa 506 ikiwa mmoja wa wahusika wake ana doa la aina fulani: hukumu ya jinai inayohusu dhamana, amri ya mahakama, kufungiwa na msimamizi wa masoko. Wahusika ni wakurugenzi, maofisa wakuu, mwenye asilimia 20 au zaidi ya kura, waanzilishi wanaosukuma mradi, na yeyote anayelipwa kutafuta wanunuzi. Wape wote fomu ya maswali, na utafute majina yao kwenye kumbukumbu za SEC na kwenye BrokerCheck, orodha ya FINRA, chombo kinachosimamia mawakala wa hisa. Ni kazi ya mchana mmoja.

Hatua ya 5: Andika waraka wa toleo (yaani wa uuzaji huu wa hisa) na mkataba wa kununua

Hapa ndipo pesa ya wakili inapokwenda, na iende. Waraka useme kampuni inafanya nini, nani anaiendesha, pesa zitatumikaje, hatari zake ni zipi, na mwekezaji atatokaje siku akitaka kutoka. Sehemu ya hatari ndiyo watu hupenda kuilainisha. Usiilainishe. Kama leseni ya jimbo bado haijatoka, andika. Kama jengo ni la mke wako na kampuni itamlipa kodi ya pango, andika, na uandike ni kiasi gani kwa mwezi. Kama mwaka jana ulipata hasara, andika hasara ile kwa tarakimu zake.

Mkataba wa kununua uwe na maelezo kwamba hisa hizi hazikusajiliwa na haziuziki huru. Kwa kampuni isiyowasilisha ripoti kwa SEC, njia ya kawaida ya kuziuza tena chini ya Kanuni ya 144 inahitaji mtu awe amezishika mwaka mzima. Mwambie hivyo kwa mdomo pia. Sijui kampuni yoyote iliyojuta kwa kumwambia mwekezaji mapema kwamba pesa yake itakaa.

Hatua ya 6: Fungua njia ya EDGAR mapema

EDGAR ni mfumo wa SEC wa kupokelea hati. Ili uingie unahitaji akaunti ya Login.gov na kujaza Fomu ID, ambayo husainiwa mbele ya notari na kupakiwa. Kampuni yenye watu zaidi ya mmoja hutakiwa kutaja wasimamizi wa akaunti wasiopungua wawili. Maombi hupitiwa na mtu na yanaweza kurudishwa kwa kosa dogo, kama jina la kampuni kuandikwa tofauti kidogo na lilivyo kwenye usajili wa jimbo. Fanya hili kabla ya mauzo ya kwanza.

Hatua ya 7: Pokea pesa kwa utaratibu huu na si mwingine

Fomu ya maswali imesainiwa, waraka umepokelewa na kusomwa, mkataba umesainiwa, kampuni imekubali kwa saini yake, ndipo pesa inaingia, kwenye akaunti ya kampuni. Mtu akikutumia pesa kabla kwa sababu anakuamini, irudishe siku hiyo hiyo na umweleze kwa upole. Hatachukia.

Hatua ya 8: Wasilisha Fomu D, taarifa ya mauzo kwa SEC, ndani ya siku 15

Siku 15 ni za kalenda, Jumapili zimo, na zinaanza mwekezaji wa kwanza anapofungwa na mkataba asioweza kuuvunja, hata kama pesa bado haijafika. Siku ya mwisho ikiangukia wikendi au sikukuu, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Hakuna ada kwa SEC.

Fomu ina vipengele 16 na si ngumu. Zingatia vichache. Kipengele cha 3 kinataka majina na anwani za wakurugenzi na maofisa, na fomu hii inasomwa na dunia nzima, kwa hiyo tumia anwani ya biashara badala ya nyumbani kwako. Cha 5, ukubwa wa mapato, kina sehemu ya kukataa kutaja. Cha 6 ndicho unachochagulia msamaha: piga tiki 506(b) tu. Nimeona fomu iliyopigwa tiki 506(b) na 506(c) pamoja "kwa usalama"; hakuna usalama hapo, ni kukiri kwamba hujui unafanya nini. Cha 14 kinauliza kama wapo wasio na sifa na ni wangapi. Cha 16 kinauliza ni kiasi gani cha pesa kitakwenda kwa wale waliotajwa kipengele cha 3. Jibu lilingane na waraka wako.

Toleo likiendelea zaidi ya mwaka, Fomu D huhuishwa kila mwaka.

Hatua ya 9: Majimbo

Tangu 1996 majimbo hayawezi kulipitia upya toleo la 506 na kulikubali au kulikataa, lakini mengi yanadai taarifa na ada. Kinachoangaliwa ni mwekezaji anaishi wapi. Wawekezaji wakiwa rafiki Minnesota, dada yako Ohio na mjomba Texas, una majimbo matatu ya kuyakagua. Taarifa nyingi hupelekwa kupitia EFD, mfumo wa mtandaoni wa majimbo, kwa kawaida ndani ya siku 15 tangu mauzo ya kwanza katika jimbo hilo. Ada hutofautiana, zitazame moja moja.

Na mjomba akiwa Nairobi au Dar es Salaam? Kwa upande wa Marekani kuna Kanuni S inayohusu mauzo ya nje ya nchi. Lakini Kenya ina CMA na Tanzania ina CMSA, mamlaka za masoko ya mitaji, kila moja na sheria zake kuhusu nani aruhusiwe kuuza dhamana kwa watu wake. Usidhani Fomu D inavuka bahari.

Onyo la peke yake: dalali

"Kila utakayemleta nitakupa asilimia 5." Sentensi hii ndogo imewaumiza wengi. Anayelipwa kamisheni kwa kuleta wawekezaji anafanya kazi ya wakala wa dhamana, na bila leseni anavunja Sheria ya mwaka 1934. Mwaka 2020 SEC ilipendekeza kuwaruhusu watafutaji wa namna hii kwa masharti, lakini pendekezo halikupitishwa. Msimamizi wa grupu, kiongozi wa jumuiya, rafiki mwenye watu wengi: washukuru, waalike chakula, usiwape asilimia.

Nawe unayefanya kazi kwenye kampuni ya uwakala wa hisa, Kanuni ya 3280 ya FINRA inakutaka umjulishe mwajiri wako kwa maandishi kabla ya kushiriki toleo lolote nje ya kazi, hata kama ni la rafiki yako na hulipwi senti. Ukilipwa, unahitaji pia idhini yake.

Mambo yakikwama

*Nimeshaandika kwenye grupu.* Simamisha kila kitu leo. Kufuta ujumbe hakufuti kwamba watu 214 waliusoma, na picha ya skrini ipo mahali. Andika nani alijibu. Kama wanunuzi wako wote wana sifa na hujauza kwa mwingine, 506(c) inaweza kukuokoa. Vinginevyo Kanuni ya 152 ina kinga ya siku 30: unafunga kabisa toleo lile, unangoja, kisha unaanza jipya bila kuwachukua waliovutwa na tangazo. Hapa usijiongoze mwenyewe, mtafute wakili.

*Siku 15 zimepita.* Wasilisha sasa hivi. Kuchelewa Fomu D peke yake hakuondoi msamaha wa 506, ila majimbo mengine yatakutoza faini.

*Chama chetu chenye watu 22 kinataka kununua.* Kikiwa chama cha siku nyingi chenye shughuli zake, kinahesabiwa mnunuzi mmoja. Kikiwa kimeundwa ili kununua hisa hizi na hakina sifa, kila mwanachama anahesabiwa, na nafasi 22 kati ya 35 zimekwisha. Mke na mume wanaoishi nyumba moja wakinunua wote, wanahesabiwa mmoja.

*Mwekezaji anataka pesa yake.* Kama toleo lilifuata sheria, anarudi kwenye mkataba aliosaini. Kama halikusajiliwa wala halikuwa ndani ya msamaha, ana haki ya kudai pesa yake pamoja na riba, na muda wake wa kushtaki chini ya sheria ya shirikisho ni mwaka mmoja. Kwa vyovyote vile, usimlipe kwa pesa ya mwekezaji aliyeingia baada yake. Mwaka 2020 SEC iliwashtaki watu watatu Maryland kwa mpango wa namna hiyo: zaidi ya dola milioni 27, wawekezaji wapatao 1,200, wengi wao wahamiaji wa Kiafrika. Kampuni ikikosa pesa ya kumrudishia, mwandikie ukweli huo pamoja na hesabu za mwezi uliopita, na nakala iende kwa wakili wako.